Kwa nini majini wa Adili hawakuwaudhi wazazi, na shule ya wachawi ikawaudhi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga na ninasimamia klabu ya usomaji. Muhula huu wanafunzi walichagua kusoma kitabu cha kwanza cha Harry Potter, kisa cha kijana anayesoma katika shule ya wachawi. Haukupita muda wakaja wazazi wawili, mmoja mlokole na mwingine ustadhi wa madrasa, wote wakitaka kitabu kiondolewe kwa kuwa kinafundisha uchawi. Hawa wawili huwa hawakubaliani kwa lolote. Lakini muhula uliopita tulisoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, yenye majini na watu waliogeuzwa nyani, na hakuna aliyefungua mdomo. Nasikia kitabu hicho cha Potter kimechomwa moto Marekani, na kwingineko watu wa Kanisa wamekisifu. Je, ni dini yenyewe inayoamua, au ni siasa? Nami niwajibu nini wazazi?

Jibu:

Mwalimu, dini ndiyo inayowapa watu maneno ya kulalamikia. Kama malalamiko yatazuka au hayatazuka, hilo huamuliwa na ugomvi uliokuwapo mahali hapo kabla kitabu hakijafika. Nimefuatilia mikasa ya namna hii katika nchi nyingi, na chini yake nakuta ugomvi uleule: nani ana haki ya kusema juu ya mambo ya ghaibu, na nani ana haki juu ya akili ya mtoto. Hadithi ya kifantasia huugusa ugomvi huo bila kukusudia, na hapo ndipo moto unapowaka.

Ushahidi wa kwanza ni kwamba maandiko ni yaleyale kila mahali, lakini mwitikio haufanani. Kumbukumbu la Torati 18, inayokataza uaguzi na uchawi, imo katika Biblia ya Mwingereza kama ilivyo katika Biblia ya Mmarekani. Hata hivyo, filamu ya kwanza ya Harry Potter ilipotengenezwa, Kanisa Kuu la Gloucester huko Uingereza lilifungua milango yake, na njia zake za mawe zikawa korido za shule ya wachawi. Filamu ilitoka Novemba 2001. Mwezi uliofuata, katika mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico, kanisa moja liliwasha moto uani na waumini wakavitupa humo vitabu vya Potter. Mistari waliyokuwa wakiisoma watu wa Gloucester na wa Alamogordo ni ileile. Basi tofauti imetoka wapi?

Imetoka shuleni. Kanisa la Uingereza ni kanisa la dola. Sheria ya Elimu ya 1944 iliagiza kila siku ya masomo ianze kwa ibada na somo la dini lifundishwe. Kasisi wa Kianglikana wa miaka ya 1990 aliweza kulalamika kwamba waumini wanapungua, lakini hakuwa na sababu ya kusema kwamba serikali imemfukuza darasani. Marekani mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba shule ya umma haiwezi kuwaongoza watoto katika sala. Wakristo wengi wa kiinjili waliupokea uamuzi huo kama kufukuzwa nyumbani kwao wenyewe, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 machungu hayo yaligeuzwa kuwa nguvu ya kisiasa yenye vyama, wachangiaji fedha na wagombea. Ndipo linapokuja swali la mzazi wa kule: mwanangu amekatazwa kuomba shuleni, mbona anaruhusiwa kusoma maneno ya uchawi? Tena kuna jambo ambalo msomaji wa mbali halijui kwa urahisi. Mwaka 1986 mahakama ya rufaa ya Marekani ilikubali kwamba Wika, imani ya watu wanaojiita wachawi, ni dini inayolindwa na katiba kama dini nyingine. Kwa hiyo mzazi yule aliweza kusema, kwa hoja ya kisheria kabisa, kwamba shule imeifungia mlango dini yake na kuifungulia dini ya wachawi.

Mwaka 2003 jambo hilo lilifika mbele ya jaji wa shirikisho huko Arkansas. Bodi ya shule za Cedarville ilikuwa imeamua, kwa kura tatu dhidi ya mbili, kwamba mtoto asiazime Harry Potter mpaka alete kibali cha mzazi. Jaji akaamuru vitabu virudishwe kwenye rafu za wazi. Hata hivyo, katika hesabu ya Chama cha Maktaba cha Marekani, mfululizo huo ndio uliolalamikiwa kuliko vitabu vyote katika miaka ya 2000 hadi 2009.

Kanisa Katoliki linatufundisha zaidi, kwa sababu lina mkuu mmoja na mafundisho mamoja, na bado lilitoa majibu yanayopingana. Mapema mwaka 2003, katika mkutano na waandishi wa habari mjini Vatican, padri aliyeulizwa kuhusu Potter alisema haoni tatizo na vitabu hivyo. Mwezi mmoja baadaye, Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye baada ya miaka miwili angekuwa Papa, alimwandikia barua mwandishi Mkatoliki wa Ujerumani akimshukuru kwa kuonya juu ya vishawishi vya chinichini vilivyomo humo. Mwaka 2009 gazeti la Vatican likaisifu filamu ya sita. Mwaka 2019, huko Gdańsk, Poland, mapadri waliwasha moto nje ya kanisa wakachoma vitabu vya Potter pamoja na vitu vingine walivyoletewa na waumini. Katika picha walizozisambaza wenyewe kilionekana pia kinyago cha Kiafrika. Kitazame kinyago hicho, Mwalimu. Kwa mwenye moto ule, kitabu cha watoto na kazi ya mikono ya mchongaji wa Afrika ni kitu kimoja. Baadaye padri mhusika aliomba radhi, lakini picha hiyo inasema mengi juu ya kinachoogopwa: kila kitu kinachozungumzia ghaibu bila kupitia mlango wa kanisa.

Kama ningeambiwa nichague mkasa mmoja tu, ningechagua wa filamu mbili zilizotofautiana kwa miaka miwili. Desemba 2005 ilitoka filamu ya kwanza ya Narnia, kutokana na kitabu cha C. S. Lewis cha mwaka 1950. Ndani yake kuna mchawi wa kike, wanyama wanaosema, na miungu ya misitu ya Wagiriki wa kale. Kwa kipimo cha Kumbukumbu la Torati, uchawi umejaa humo. Lakini yumo pia simba anayekufa kwa ajili ya mkosaji kisha anafufuka, na kila Mkristo anamjua simba huyo ni nani. Disney ilipeleka matangazo makanisani, wachungaji wakaonyeshwa filamu mapema, na makanisa yakanunua tiketi kwa makundi. Iliingiza kiasi cha dola milioni 745 duniani.

Desemba 2007 ikaja The Golden Compass, kutokana na kitabu cha kwanza kati ya vitabu vitatu vya mfululizo vya mwandishi Mwingereza Philip Pullman. Humo mamlaka ya kidini yenyewe, iitwayo Magisterium, ndiyo inayowateka watoto na kuwatenganisha na nafsi zao. Pullman hakuwahi kuficha kwamba analipinga Kanisa lenye madaraka. Shirika moja la Wakatoliki wa Marekani, Catholic League, lilianza kampeni ya kuisusia filamu tangu Oktoba, kabla hadhira haijaiona. Watengenezaji walikuwa wameshaogopa: walipunguza sumu, wakaifanya Magisterium ionekane kama serikali ya kidhalimu tu, dini ikabaki kivuli. Sasa angalia yaliyofuata. Ofisi ya filamu ya maaskofu wa Marekani yenyewe iliandika tahakiki ya kuisifu filamu hiyo, na baada ya kelele za waumini ikaiondoa. Waliosoma kazi kwa makini walishindwa na waliosoma tangazo la kususia.

Filamu hiyo iligharimu dola zipatazo milioni 180. Ndani ya Marekani ilipata milioni 70 hivi. Nje ya Marekani ilipata takriban milioni 300. Siwezi kusema kampeni peke yake iliiua, maana filamu ilikuwa na udhaifu wake, na kuitoa dini ndani ya kisa kinachohusu dini ni kukitoa uti wa mgongo. Lakini tofauti hiyo ya mapato kati ya nchi moja na dunia nzima inaonyesha kwamba kilichokuwa ugomvi wa nyumbani kwa Wamarekani hakikuwa ugomvi kwa wengine. Filamu ya pili haikutengenezwa kamwe. Na huko Uingereza, kilikozaliwa kisa hicho? Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, Rowan Williams, aliisifu tamthilia iliyotokana na vitabu hivyohivyo, akakaa jukwaani na Pullman mwaka 2004 wakajadiliana kwa heshima, na akasema kazi hiyo inafaa kuzungumzwa katika somo la dini. Kiongozi wa kanisa lenye uhakika na nafasi yake alimwalika mpinzani kwenye mazungumzo. Shirika linalohisi limezingirwa lilimfungia mlango. Simwoni mmoja kuwa mcha Mungu kuliko mwenzake, ila wamesimama mahali tofauti.

Upande wa nchi za Kiislamu hali ni hiyohiyo. Mwaka 2002 wizara ya elimu ya Falme za Kiarabu iliviondoa vitabu vya Potter katika shule za binafsi. Katika orodha ileile kilikuwamo Shamba la Wanyama cha George Orwell, ambacho hakina uchawi hata chembe, kina nguruwe na wanasiasa. Kwingineko katika ulimwengu wa Kiislamu, Iran, tafsiri za Kifarsi za Potter zilishindana madukani. Mwaka 2003 Misri iliizuia filamu ya pili ya The Matrix, na kamati ya udhibiti ikaeleza kwamba inagusa suala la Muumba na viumbe. Lakini Wamisri haohao wana kisa chao wenyewe kinachonivutia zaidi, cha Alfu Lela u Lela. Majini wa kitabu hicho wameishi na Waarabu kwa karne nyingi. Mwaka 1985 mahakama ya Cairo iliamuru kitabu kitaifishwe kwa kosa la kuvunja maadili, kisha rufaa ikaupindua uamuzi huo. Mwaka 2010 kundi la mawakili likakishtaki tena. Safari hii chapa waliyoishtaki ilikuwa imetolewa na taasisi ya serikali, na mwendesha mashtaka alilikataa shauri. Ni kweli walalamikaji walisema juu ya matusi yaliyomo, na huenda waliudhika kwa dhati. Ila chapa za kitabu hicho zilikuwapo sokoni miaka nenda miaka rudi. Kuishtaki chapa ya serikali kulikuwa njia ya kuiambia serikali kwamba inajidai kulinda Uislamu huku inachapisha uchafu.

Sasa tuje kwetu, maana swali lako ni la Tanga.

Afrika Mashariki ina jambo ambalo Gloucester haina: uchawi umo katika sheria zetu. Sheria ya Uchawi ya Kenya ni ya mwaka 1925 na ya Tanganyika ni ya 1928, zote zilitungwa na Waingereza, na bado zinatajwa. Usukumani, kina mama wazee wameuawa kwa kushukiwa. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Mtu wa London anaposoma juu ya mtoto anayejifunza kuroga, anasoma jambo ambalo jamii yake iliacha kuliogopa zamani. Mzazi wako anaposoma ukurasa huohuo, huenda anamkumbuka jirani aliyefukuzwa kijijini. Ndiyo maana nakuomba usimwambie kamwe kwamba hii ni hadithi tu. Neno hilo litamuumiza, na halijibu anachokiogopa.

Kenya wana kumbukumbu nyingine ya karibu. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 1999. Ilidai kwamba ibada hiyo imeingia hata mashuleni. Kumbuka mwaka wenyewe: ni wakati ambao maaskofu na wachungaji walikuwa mstari wa mbele kuikosoa serikali juu ya uchaguzi na katiba. Wengine waliona tume hiyo kama njia ya rais kujionyesha mlinzi wa imani mbele ya makanisa yaliyokuwa yakimkemea, na mimi naona hivyo pia. Potter ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusafiri duniani. Aliyefika Nairobi na kitabu chake alikuta wazazi wameshaambiwa na tume ya rais kwamba shetani yumo bwenini.

Nimesema kwamba ugomvi unatangulia kitabu. Basi wazazi wako wawili wanagombana na nani? Nadhani kila mmoja anagombana na watu wa dini yake mwenyewe. Makanisa ya kilokole yaliyopanuka tangu miaka ya 1980 yamejenga sehemu kubwa ya heshima yake juu ya maombezi: mchungaji anafungua waliofungwa, anavunja laana, aliyekuwa mganga anasimama madhabahuni kutoa ushuhuda. Yote hayo yanamtofautisha na Wakristo wa madhehebu ya zamani, anaowaona wamelala. Kitabu kinachougeuza uchawi kuwa masomo ya kupendeza, chenye mitihani na michezo, kinaifanya vita yake ionekane haina adui. Ustadhi naye yumo katika mjadala mrefu wa Waislamu wa pwani. Kuna wanaotumia kombe na hirizi na wanaopunga majini kwa ngoma, na kuna wanaosema hayo ni ushirikina, tiba ni kisomo cha Kurani peke yake. Ustadhi wa upande wa pili anatumia miaka kuwaambia vijana waachane na waganga, kisha anaona shule inawapa kitabu ambamo mganga ni shujaa. Wazazi wako wamekutana mlangoni kwako wakitokea vita viwili tofauti.

Na Adili? Hapa pana raha ya kuisoma fasihi kwa makini. Shaaban Robert alikitoa kisa hicho katika Alfu Lela u Lela, ambamo ndugu wahalifu wanageuzwa mbwa. Yeye akawafanya nyani. Jini aliyemo anaadhibu husuda na usaliti, wala hamfundishi mtu nguvu zake. Ustadhi anamjua jini huyo kutoka Kurani: kuna Sura nzima ya majini, na katika Sura ya An-Naml Ifriti anajitolea kumletea Nabii Suleiman kiti cha enzi cha malkia wa Sabaa. Mlokole anakuta husuda imeadhibiwa na wema umelipwa, na anaridhika. Zaidi ya yote, hakuna mtoto katika Adili anayepewa nguvu za siri nyuma ya mgongo wa wazazi. Ukiitazama Sura ya Al-Baqara, aya ya 102, inalaumu mashetani waliokuwa wakiwafundisha watu uchawi. Kosa limewekwa kwenye kufundisha. Shule ya wachawi inagonga hapohapo. Kusimulia jini ni jambo moja, kusimulia darasa ambamo watoto wanasoma nguvu hizo ni jambo jingine, na wazazi wako wameihisi tofauti hiyo hata kama hawakuitaja. Mimi sikubaliani na hitimisho lao, lakini wamesoma vizuri kuliko wanavyodhaniwa.

Waandishi na watengeneza filamu wa nchi nyingine wameifahamu kanuni hii. Katika filamu za Nigeria, tangu Living in Bondage ya mwaka 1992, mtu aliyetoa kafara ili atajirike huteswa na mzimu mpaka anapopata wokovu kanisani. Katika filamu za kutisha za Indonesia wakati wa Suharto, mwanazuoni wa Kiislamu hutokea mwishoni na kumshinda pepo. Ghaibu inaonyeshwa kwa ukali wote, damu na yote, na hadhira inaikubali kwa sababu mwenye mamlaka anayetambulika ndiye anayefunga kisa. Ulimwengu wa Potter hauna padri wala imamu anayefunga kisa. Hata hivyo katika kitabu cha saba, kilichotoka 2007, juu ya kaburi la wazazi wa kijana yule pameandikwa maneno ya 1 Wakorintho 15:26, kwamba adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti. Miaka mingi ya mabishano ilipita kabla ukurasa huo haujachapishwa, na wengi waliochoma hawakurudi kuusoma.

Kuhusu la kuwajibu wazazi, ningefanya hivi. Ningewaita kila mmoja peke yake, maana hofu zao hazifanani, na mbele ya mwenzake kila mmoja atajihami. Ningemwomba kila mmoja asome sura mbili tatu, kisha anionyeshe mahali panapomkera. Ningemwambia wazi kwamba shule haichukulii kidogo mambo ya uchawi katika nchi ambamo watu wameuawa kwa tuhuma hiyo, na kwamba klabu itazungumzia jambo hilohilo. Kisha ningevisoma vitabu viwili sambamba, Adili na Potter, na kuwauliza wanafunzi: nguvu za ghaibu zimetoka kwa nani, nani anaruhusiwa kuzitumia, na nani anaadhibiwa? Mwaliko huo ningewapa wazazi pia, waje wakae nyuma wasikilize.

Mzazi akikataa bado, mwanawe asilazimishwe, apewe kitabu kingine na asiaibishwe mbele ya wenzake. Haki yake inaishia kwa mtoto wake. Kitabu ningekiacha kwenye rafu kwa ajili ya wengine, na kama mkuu wa shule atataka kukiondoa, ningemwomba aandike sababu kwa maneno yake mwenyewe na kutia sahihi.